Namba Tuliyoisahau Mezani

Chumba Na. 9,
Ghorofa ya Tatu,
Kitengo cha Takwimu za Afya.

Tarehe 11 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile bega lililokuwa likikusumbua limeachia. Mkazamjomba hajambo? Na wale pacha, bado wanagombania kiti cha mbele garini au wameshakua wakaona haya? Sisi huku tu wazima, tunashukuru. Bibi siku hizi anatembea kwa fimbo, ila mdomo wake hauhitaji fimbo, na wa kwanza kusemwa ni wewe usiyeandika. Mama naye anakusalimu, anasema dada ni dada hata ukienda mwezini.

Ningeweza kupiga simu. Lakini nakujua, Mjomba: jambo likiwa zito mtandao wako hukatika. Barua haikatiki, kwa hiyo nakuomba uketi uisome hadi mwisho.

Unajua kwamba baba Chiriku alihamishiwa hospitali ya kule mbali, akatangulia na mtoto ili shule isikatike. Mimi nilikuwa niwafuate baada ya miezi mitatu. Huu sasa ni mwezi wa kumi na tisa. Chiriku ametimiza miaka saba, ameng'oka meno mawili ya mbele, na maneno hayajapungua hata moja. Jumapili iliyopita aliniuliza kwenye simu, kwa adabu kabisa: "Mama, ukija tutakuweka chumba cha wageni?" Nyumba yao haina chumba cha wageni. Nikamwambia nitalala popote atakaponiweka, kisha nikasingizia kwamba kuna mtu anagonga mlango.

Kinachonishikilia hapa ni Mzee na Kijana. Mzee ndiyo ile kompyuta yako ya pembeni, yenye ile lugha ya zamani ya takwimu uliyoandikia programu ya watoto wachanga. Kijana ni kompyuta mpya iliyoletwa ulipokwisha kuondoka, yenye lugha mpya iliyotokana na ile ya zamani. Tuliambiwa ni ndugu wa damu, kwamba kilichoandikwa kwa mmoja kitasomeka kwa mwenzake bila taabu. Aliyesema hivyo hajawahi kuwaweka ndugu wawili chumba kimoja.

Na chumba chenyewe umekisahau. Dirisha ni moja, linatazama ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba nimeshazijua nyufa zake zote. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Kitasa cha ndani kimevunjika, hivyo tunauzuia mlango kwa boksi la karatasi. Boksi likisogea na mlango ukajifunga, unagonga mpaka apite mtu. Wiki jana niligonga dakika arobaini.

Mkuu wetu mpya hukumkuta. Tunamwita Ilimradi, kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo. Si mtu mbaya. Aliamua kwamba Mzee azimwe mwisho wa mwezi huu, ilimradi Kijana atoe orodha ileile anayotoa Mzee. Akaniahidi kwamba siku orodha zitakapofanana atatia saini uhamisho wangu siku hiyohiyo. Fomu iko kwenye droo yake, imejazwa yote, imebaki saini.

Nikaona kazi ya wiki mbili. Mjomba, nimekaa miezi mitano. Ule mstari mdogo wa chini (_) uliokuwa ukiupenda, kwa Mzee ni amri ya kuweka kitu mahali. Kwa Kijana ni sehemu ya jina tu, basi programu yako nzima aliisoma kama mtu anayesoma barua ya mwendawazimu. Nikaubadilisha kila ulipokuwa. Halafu majina ya kliniki, mmoja anayachukua kama maneno, mwingine anayageuza makundi yenye namba, ukiyajumlisha anakupa jibu la ajabu wala haoni aibu. Hata ukiwaambia wote wawili wachague watoto kumi kwa bahati nasibu, ukawaanzishia kwa namba ileile, kila mmoja anachagua wake. Fundi wa mitandao alipita akanikuta nabishana na skrini, akaniuliza kama amwite daktari au mchungaji.

Hayo yote niliyamaliza. Likabaki moja lisiloisha. Kwa takwimu za Machi, Mzee alitaja watoto thelathini na mmoja wa kuitwa tena kliniki. Kijana alitaja mia moja na kumi na wanane. Kila mtu hapa alisema kosa ni la Kijana, nami nilimtukana kuliko wote.

Katikati ya Mei nikaisoma programu yako upya, neno kwa neno. Ndani ya programu kubwa umeandika kwamba mpaka ni mbili, yaani mtoto akipungua uzito kupita mbili kwenye kipimo chetu, aitwe. Humohumo iko programu ndogo inayomlinganisha kila mtoto na huo mpaka. Kijana akitaka kujua mpaka ni ngapi, anatazama ndani ya programu kubwa alimo, anaikuta mbili. Mzee hatazami humo hata kidogo. Anatoka nje moja kwa moja hadi kwenye ile uliyokuwa ukiita meza, anakoweka kila tulichompa kwa mkono. Na meza yake haifutiki. Unazima, unawasha, miaka inapita, vitu viko palepale.

Nikaifungua meza. Kulikuwa na vitu mia mbili na kumi na vinne, kimoja umekipa jina "jaribuhilitena". Na kimoja kinaitwa mpaka. Nikakiuliza kina nini, kikajibu tatu.

Unajua maana yake, lakini niache niiandike kwa sababu mkono wangu umekataa kuiruka. Mbili ni mtoto anayeanza kudhoofu, ambaye muuguzi akimwona mapema anamrudisha njiani. Tatu ni yule ambaye hali yake imeshakuwa mbaya. Wale themanini na saba wa katikati, wa Machi peke yake, hakuna aliyewaita. Kama meza ingekuwa tupu, Mzee angegoma siku ya kwanza, nawe ungerekebisha kabla ya chai. Lakini alikuta kitu, akakitumia, akanyamaza.

Nikatoa orodha za zamani kwenye maboksi nione ilianza lini. Miaka yote ya mwanzo zilikuwa ndefu, kwa hiyo pale mezani palikuwa na mbili. Zimefupika ghafla miaka mitatu iliyopita, mwezi uleule uliokuwa ukinikabidhi kazi. Hakuna aliyeshtuka. Kwenye taarifa ya mwaka waliandika kwamba hali ya watoto imeboreka, na kitengo kikapewa cheti. Kimetundikwa juu ya kichwa cha Ilimradi.

Nisikufiche kilichofuata, maana sikuiandika barua hii nijifanye malaika. Ijumaa moja nilimwandikia Kijana mstari mmoja tu, kwamba mpaka ni tatu. Sikuwa nathibitisha kitu. Nilitaka kuondoka. Orodha zikafanana jina kwa jina. Nikazichapa, nikampelekea Ilimradi, akateremka nazo kwa rula majina yote thelathini na moja, akacheka kwa furaha, akafungua droo akatia saini. Nikatoka na fomu mkononi. Nilishaanza kuhesabu masanduku.

Kwenye ngazi nikakutana na muuguzi wa kliniki ya sokoni, mama mmoja mnene anayeleta kadi zake mwenyewe kwa sababu haamini matarishi. Akaniuliza wake wa kuitwa mwezi huu ni wangapi. Nikamwambia wanne.

"Wanne tu?" akasema. "Basi tunafanya kazi nzuri, mwanangu."

Akanishika mkono wenye fomu, akautikisa. Alipokwisha kuteremka niliketi kwenye ngazi watu wakinipita, nikijiambia kwamba ningekuwa nimeondoka zamani kama nisingeijua lugha ile, na kwamba si mimi niliyeiandika programu. Vyote ni kweli na havikunisaidia. Nikainuka nikarudi juu, nikamweleza Ilimradi kila kitu.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Akakitazama cheti. Kisha akanyoosha mkono nimrudishie fomu.

"Nilitaka zifanane, zikafanana," akasema. "Sasa umeifungua wewe. Ripoti itakwenda juu, na juu watauliza nani aliweka hiyo tatu. Hutoki kitengo hiki mpaka ijulikane."

Nikamwambia vitu vya mezani havina jina la mtu. Tarehe zake nazo zilifutika Mzee alipofanyiwa matengenezo, vyote vinaonyesha siku moja. Akasema ndiyo maana: mwezi ule watu wawili ndio waliokuwa na ufunguo, mmoja yuko nje ya nchi, mwingine ameketi mbele yake. Fomu ikarudi kwenye droo, naye akafunga kwa ufunguo, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Siku nne nilijiuliza kama ni mimi. Niliogopa kwamba ni mimi, nikala kwa shida. Kisha nikakumbuka, na nadhani wewe hukuwahi kusahau, au labda hukuwahi kujua kwamba kuna la kukumbuka. Ilikuwa siku yako ya mwisho. Ulikuwa na koti jipya. Ulinivuta kiti kushoto kwako ukasema nitazame jinsi mpaka unavyoikata orodha, ukaandika tatu, na majina yakapungua mbele ya macho yangu, nami nikacheka kama mtoto aliyeonyeshwa kiini macho. Hapo wakaja kutuita kwenye chai ya kukuaga. Ulisema turudi baadaye tumalizie. Tulikula keki, wakatoa hotuba, gari likaja kukuchukua. Ule haukuwa uzembe wa mtu mmoja. Wewe ulikuwa unanifundisha kwa mapenzi, na mimi niliinuka na kukuacha uinuke bila kuuliza kama tumerudisha mbili.

Orodha ya Mei nimeshaituma ikiwa na mbili, bila kumwomba mtu ruhusa. Muuguzi yule badala ya wanne amepata kumi na watano. Hakunilaumu. Wiki hii amepiga simu kusema ameshawaona kumi na watatu, na wawili familia zao zimehama, majirani hawajui zilikoelekea. Nimeanza kurudia na za miezi ya nyuma.

Sasa ombi langu. Nataka uandike karatasi moja, uisaini, ueleze siku ile ilivyokuwa na kwamba mkono ulioandika tatu ni wako. Najua nakuomba nini. Najua huko uliko umeajiriwa kushauri watu kuhusu orodha kama hizihizi, na kwamba karatasi hiyo inaweza kufika usikotaka ifike. Nimegeuka kila upande, Mjomba, nimebanwa. Ningeona mlango mwingine nisingegonga wako.

Ripoti inaondoka tarehe thelathini. Nimeshaiandika, uandike wewe au usiandike. Nimesema kwamba aliyeweka namba ile ni mwalimu wangu, na kwamba nilikuwa nimeketi kando yake nikitazama. Bila karatasi yako watasema najitetea kwa kumsingizia asiyekuwepo, nami nitabaki hapa na huu ukuta. Ukiniandikia, nitakuwa na mwanangu kabla shule hazijafunguliwa. Usiponiandikia, nitajua kwamba uliisoma barua hii mpaka hapa, ukaikunja.

Mkazamjomba mpe salamu nyingi, na pacha wabusu kwa niaba yangu hata kama wanajiona wakubwa. Bibi na Mama wanakuombea afya. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe moyo mwepesi utakapoishika kalamu.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda hata sasa,

Mama Chiriku