Klasi Iliyopotea Wakati wa Fungate

Jumapili, 14 Desemba

Nimechoka mpaka kucha. Biasha ameolewa! Mdogo wangu, yule niliyekuwa nikimsuka huku analia, leo kaketi mbele za watu kama hajawahi kutoa chozi maishani. Alipendeza, mashallah. Nikalia mimi badala yake, wanja wote ukaishia mashavuni.

Bwana harusi ni Abdulrahim, fundi wetu wa kompyuta pale ofisini. Mimi ndiye niliyewakutanisha, ingawa leo kila shangazi anadai ni yeye. Basi sasa tuna shemeji ndani ya nyumba — na ndani ni ndani kweli! Fungate siku saba, chumba cha uani, na mlinzi wao ni shangazi Bi Mwanasha. Simu zao zote mbili kazitia kabatini, ufunguo kauning'iniza shingoni. Hataki kusikia mlio wowote kutoka chumba kile, labda wa sahani.

Wanawake wamenitazama kwa yale macho ya "na wewe je?" Nikawapa tabasamu na sambusa.

Jioni umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo. Taa ya ukumbini ikapasuka. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ni fataki.

Jumatatu, 15 Desemba

Kumbe haikupasuka taa peke yake. Nimefika Diani asubuhi, kompyuta ya ofisi imekufa. Harufu ya kuungua mpaka ngazini.

Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la miwani ya kuogelea, lakini ndicho kinachowazuia manahodha wasishikane mashati. Chama chetu cha boti za wageni kina boti nyingi na mwamba ni mmoja. Nani apeleke wageni kwanza? Hilo huamuliwa na Zamu — programu aliyoiandika Abdulrahim kwa Java, lugha ya kompyuta. Inajua nani alikwenda lini, na inajua siku nzuri na siku mbaya. Aliyekwenda siku nzuri leo, kesho anasubiri. Haina mjomba, haina binamu. Ndiyo maana wengine hawaipendi!

Mwenyekiti, Mzee Kalama, alikuja nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaitazama maiti ya mashine. Akasema wageni wa Krismasi wanaanza kuingia, na Jumatatu ijayo kamati inakaa. Ama chama kitaajiri mtu mmoja wa kudumu wa kuitunza mashine, ama tuachane na mashine kabisa, zamu zipangwe kwa mdomo kama zamani. Kwa mdomo wa nani? Wake, bila shaka.

Mtu mmoja. Mimi niko kwenye majaribio tangu Septemba. Abdulrahim huitwa kukiharibika.

Nakitaka kiti hiki. Naandika hapa kwa sababu nikisema nyumbani nitaambiwa nina choyo.

Hesbon, yule fundi wa Ukunda aliyetoka bara, ameleta mashine nyingine iliyotumika. Ati "Tulia, siste, hii ni ex-UK, inapiga kazi kama punda." Tutaona punda huyo.

Jumanne, 16 Desemba

Punda kagoma.

Nimenakili Zamu kutoka kwenye flashi, nikaiendesha, ikanitapikia maneno mekundu: UnsupportedClassVersionError. Nikavuta pumzi. Nikasoma pole pole, kama alivyonifundisha shemeji: usiogope wekundu, soma mstari wa kwanza. Maana yake si kubwa. Klasi — vile vipande vya programu vilivyokwisha kupikwa, yaani kugeuzwa lugha ya mashine — zimepikwa kwa Java mpya, na Java iliyomo kwenye mashine ya Hesbon ni ya zamani, haiwezi kuzisoma. Dawa ni kutia Java mpya tu. Nikatia. Mtandao ulikuwa unajikokota, nikapata nafasi ya kula viazi karai, nikarudi na vidole vya mafuta, nikabonyeza.

Wekundu tena! Safari hii NoClassDefFoundError. Na jina pembeni: Bamvua.

Hapo moyo uliniruka. Bamvua ndiyo klasi inayoijulisha Zamu ni siku zipi maji yatakupwa sana, mwamba ubaki wazi na fungu la mchanga litoke, wageni watembee na kupiga picha na nyota wa bahari. Hizo ndizo siku nzuri. Zamu ilipopikwa, Bamvua alikuwapo. Sasa inamwita, haitiki. Nimepekua flashi yote: Zamu ipo, Boti ipo, Nahodha yupo. Bamvua hayupo, si aliyepikwa wala mbichi yake. Abdulrahim alibaki naye kwenye laptop yake.

Na Abdulrahim yuko wapi? Chumba cha uani nyumbani kwetu! Namsikia anacheka kabisa.

Jumatano, 17 Desemba

Nimefanya jambo la kijinga. Asubuhi nilipokuwa napanga mahamri ya maharusi, nikatia kikaratasi chini ya sahani: "Shemeji, Bamvua iko wapi? Boti zimekwama." Bi Mwanasha ana macho ya kipanga. Kainyanyua sahani hapo hapo.

Akanibana jikoni. Ati bwana harusi hatolewi fungateni kwa ajili ya boti, labda nyumba iwe inaungua! Nikapaza sauti makusudi, "Lakini shangazi, hiyo klasi ya Bamvua anayo yeye peke yake!" Mara sauti ya shemeji kutoka chumbani: "Iko kwenye laptop, Msambweni kwa mama! Ina neno la siri!" Biasha akaangua kicheko. Shangazi akapiga mlango kwa mwiko.

Basi, nikadhani yamekwisha. Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, ya upole, ndiyo iliyoniuma: "Mwanangu, unajisumbulia nini? Kazi hiyo mwachie mume wa mdogo wako. Yule sasa ana nyumba. Wewe una nani wa kumlisha?"

Nina mimi! Mimi nakula! Lakini mbele ya shangazi nilisema "Ndiyo, shangazi," nikatoka. Nimeumia. Mahamri yao niliyabeba nikayala njiani, yote.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimeamka na hasira, na hasira ni mtaji. Kama Bamvua haipatikani, nitaandika Bamvua yangu.

Kwani bamvua ni siri ya nani? Mtoto yeyote wa pwani anajua: mwezi ukiandama maji yanakuwa makubwa, na ukikamilika tena. Katikati, maji mafu, hayajai wala hayakupwi sana. Nikafungua folda yangu mwenyewe, nikaketi kuiandikia Java yale ninayoyajua tangu utotoni.

Nikapika. Malalamiko yakajaa kioo kizima, hata sikuyaona mwisho wake! Java ina tabia za shangazi: ukikosea kimoja inakukumbusha na ya mwaka juzi. Lakini lalamiko la kweli ni la kwanza. Nilisahau nukta-mkato mwisho wa mstari. Nikaitia, na yale mengine yote yakayeyuka. Likabaki moja, "cannot find symbol", yaani nimeita kitu ambacho hakijulikani — niliisahau ile import ya tarehe, mstari wa kuialika kalenda ya Java. Nikaitia nayo. Kimya. Imepikika!

Nikaiendesha. Inasema haioni klasi ya kuanzia. Haioni! Nimeihangaikia mpaka jasho, kumbe nilikuwa nimesimama kwenye folda ya ndani wakati inatakiwa niite kutoka ile ya nje. Nimejicheka peke yangu.

Kisha ikaenda. Wallahi ikaenda, orodha ikatoka kwenye printa, nikambusu printa.

Bi Kanze, mwenye boti ya Subira, ndiye aliyepita wa kwanza. Kaisoma, kacheka mpaka akashika nguzo. "Mwanangu, bamvua Jumamosi? Labda ya kwenye karai!" Akaniambia ni Jumapili, kila mtu anajua.

Hesabu yangu imetangulia siku moja. Kwa nini? Nikazunguka, nikakagua hesabu, sawa tupu. Mwisho nikaiona. Mwezi uliopita uliandama Ijumaa Magharibi. Kwetu jua likizama siku imekwisha geuka, hapo ni Jumamosi, mwezi mosi. Mimi nikaiandikia Java tarehe ya ile Ijumaa nilipouona — na Java siku yake haigeuki mpaka saa sita za usiku. Ikaihesabu Ijumaa nzima kuwa ndiyo mwezi mosi. Hakuna kosa lililoandikwa jekundu hapo! Java haikulalamika hata kidogo. Ilinitii tu.

Nimerekebisha. Jumapili.

Ijumaa, 19 Desemba

Orodha imebandikwa. Manahodha wamenung'unika kama kawaida yao, ambayo ni dalili ya afya. Mzee Kalama kaisoma mara mbili, kidole juu ya kila jina. Boti ya mwanawe imeangukia chini. Akaguna tu, "Hmm."

Mtu amnunulie Hesbon soda. Punda wake anafanya kazi.

Jumapili, 21 Desemba

Siku gani hii!

Saa nne asubuhi maji yalikupwa kama yalivyoandikwa. Mwamba wazi, fungu la mchanga jeupe limetoka. Subira ikaenda ya kwanza, Bi Kanze mwenyewe kaja ufukweni na leso mpya kuitazama. Zamani, siku za bamvua za Krismasi, boti yake ilikuwa haitoki kabisa, ati zamu yake imepita. Leo boti iliporudi alinishika mkono, akasema, "Mashine yako ina haki." Mashine yako! Nimetembea kurudi nyumbani bila kuhisi miguu.

Jioni fungate imekwisha. Abdulrahim katoka uani, kanenepa kwa kuku wa Bi Mwanasha. Ni mtu mwema, sina la kumsema. Kanipa pole. Kaniuliza kila kosa lilivyosema, nikamweleza, akatikisa kichwa na kucheka pale nilipocheka. Halafu akasema, "Shemeji, ahsante kwa kutushikia. Kesho nakuja na laptop nikuwekee ile yenyewe."

Ile yenyewe.

Biasha alikuja kulala nami kidogo kitandani kama zamani, kichwa begani. Tangu kabla ya harusi ameshaona vyumba viwili kule Ukunda, vina baraza, anataka apande asumini. Mama mwenye nyumba anawangoja. "Kamati ikimpa Abdu kazi kesho, tunahama wiki hii, Da Twaiba." Ana furaha mpaka ananuka furaha. Nimemwambia inshallah. Nampenda. Na kazi naitaka. Yote mawili, humu humu kifuani, na hakuna linalompisha mwenzake.

Jumatatu, 22 Desemba

Naandika haya ofisini, haraka haraka, wenzangu wamekwenda kunywa chai chini.

Yaliyotokea ni haya. Kamati imekuja yote. Mzee Kalama akamkaribisha Abdulrahim kwa mikono miwili, "fundi mkuu, bwana harusi", akamvutia kiti. Kiti changu. Mimi nikasimama karibu na printa. Mzee akasema wazi: Abdulrahim atuwekee Bamvua yake mbele ya kamati, tuione inafanya kazi, tumalize, tuandike jina.

Akaiweka. Inapangilia bamvua tofauti kidogo na yangu. Alichukua jedwali la maji la mwaka mzima, si kuhesabu mwezi. Akapika — safi, bila lalamiko. Akaendesha.

Orodha ikatoka ile ile. Yangu.

Akakunja uso. Akabadilisha mstari mmoja, akapika tena, akaendesha. Ile ile! Akafuta, akanakili upya. Ile ile. Akaanza kuongea na kioo. Jasho likamtoka juu ya mdomo. "Shemeji, mbona haisikii?" Wajumbe wakaanza kutazamana.

Mimi nilijua mara ya kwanza tu. Yeye kaiweka Bamvua yake kwenye folda ya zamani, mahali ilipokuwa siku zote. Mimi yangu, siku ile ya hasira, niliiweka kwenye folda yangu, na kwenye mstari unaoiambia Java ikatafute klasi wapi, nikaitanguliza yangu. Java ikitafuta Bamvua hupita njia hiyo, ikikuta ya kwanza inaichukua, haina habari ya pili. Atapika mpaka kesho. Anaipika moja, inaendeshwa nyingine.

Nilifungua mdomo niseme. Wallahi nilifungua. Ila Mzee Kalama akauliza, "Hii inayotoka kila mara, ni ya nani?" Abdulrahim akasema polepole, "Ni ya Twaiba." Mzee akasema "Hmm," ile ile ya Ijumaa, akasema twendeni tukanywe chai, fundi apumue, tukirudi tuimalize. Wakashuka wote. Abdulrahim alikuwa wa mwisho. Mlangoni aligeuka akanitazama, si kwa ubaya. Kama mtu anayeuliza njia.

Nimebaki mimi na mashine. Nimekaa, kiti kina joto lake. Mstari wenyewe uko mbele yangu: folda yangu, kisha yake. Kuzibadilisha ni sekunde. Wakirudi itatoka orodha yake, atapongezwa, Biasha atahamia vyumba vyake na asumini zake, na mimi nitaambiwa ahsante kwa kutushikia.

Ujumbe umeingia kwenye simu. Ni Biasha. "Da Twaiba, vipi? Ameweza?"

Nimeandika "Bado kidogo". Nikafuta. Nikaandika "Anaendelea vizuri". Nikafuta.

Ndara zao nazisikia ngazini. Sauti ya Mzee, sauti ya Bi Kanze — nani kamwita Bi Kanze? — na ya Abdulrahim akicheka kidogo, kicheko cha kujikaza.

Wako mlangoni. Sijagusa kitu.