Magoti ya Rangi ya Viatu

Baba Kanyiva,

Maharagwe yako jikoni, yatie chumvi tu. Kanyiva akitoka shule ateke maji kabla mfereji haujafungwa.

Nimerudi kutoka kliniki nikakukosa. Cheka kwanza, halafu usome. Alfajiri kukiwa giza nilipapasa dawa yangu ya kuchua magoti nikajipaka, kumbe nimeshika mkebe wako wa rangi ya viatu, ule wa kung'arishia vinyago. Nilipopandisha rinda, nesi akakuta magoti yanang'aa kama swala wako wa kuuzia watalii! Alicheka mpaka akakaa.

Kisha akaniuliza miaka, na kama siku zangu za mwezi zinaruka. Nikasema arobaini na saba, na ndiyo, zinaruka. Akanipima, akasema si ule ugonjwa uliomlaza mama yangu. Mwili unaelekea kukoma hedhi, ndiyo maana viungo vinalalamika. Nikande kwa maji moto, nijinyooshe, nitembee kila siku. Miezi minne nimeogopa bure!

Kwa hivyo naenda kwaya kwa miguu. ~~Kuleni, msinisubiri.~~ Nisubirini, tule pamoja.

Na ile fimbo ya kutembelea unayonichongea kwa siri, niliiona Jumapili chini ya gunia. Nililia, sikukuambia. Usiitupe, mti ni mzuri. Ichonge upya iwe mwiko. Bado nina miaka mingi ya kukusongea sima nikiwa nimesimama.

Mama Kanyiva