Mivule Ilipogeuka Manjano

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Buhehe tu wazima. Nyanya yako anakusalimu. Mbuzi wako amezaa.

Unauliza kama nasi tuliwahi kusafiri kutazama majani yakibadilika rangi, kama mnavyofanya huko ng'ambo kwa gari. Mara moja. Tukiwa vijana, nilipanda na nyanya yako Mwamba wa Tororo nimwambie kwamba nampenda. Chini, mivule ilikuwa manjano tupu. Kabla sijafungua mdomo, akashtuka: “Mivule inapukutika, mvua i karibu, na shamba la wimbi halijalimwa! Twende!”

Tukateremka mbio. Nikalima kwao mpaka jioni. Maneno yangu mpaka leo sijayasema.

Jana mvule wetu ulianza kupukutika. Nyanya yako akatoka nyumbani na majembe mawili.

Babu yako