Magazeti ya Profesa Otilia

Kipling Avenue, Rexdale,
Toronto, Kanada.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Cherono,

Chamgei, binti wa kaka yangu. Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba nzima, hata yule mbwa wenu mkali asiyenipenda. U mzima? Goti la baba yako linaendeleaje, au bado anajifanya kijana na kupanda juu ya paa kila mvua ikivuja? Mama naye, kifua kimetulia? Mwambie aache kulala karibu na dirisha. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mgongo, na mgongo tumeshazoeana.

Usishtuke kuona barua ya karatasi. Simu ninayo na bando ninayo, lakini mimi na wewe tukiongea kwa simu huishia mimi kufoka na wewe kunyamaza, na jambo la leo sitaki kulifokea. Tena kuna kitu ndani ya bahasha hii ambacho nataka ukishike kwa mkono. Winfred, yule muuguzi ninayeimba naye kwaya, anasafiri Alhamisi kuja Eldoret kumwona mama yake, na ameniapia kwamba atakukabidhi mwenyewe. Usikitoe hicho kitu kabla hujamaliza kusoma. Nakujua.

Huku joto linaanza kutuaga, na asubuhi pale kituoni watu wameshatoa makoti. Jelagat wangu yuko darasa la kumi na amenipita kwa urefu. Kiswahili anakielewa chote, hata ninapomsengenya kwa rafiki zangu, ila kujibu ni Kiingereza tu. Juzi nilimwambia kwamba wewe ukija utamnyoosha. Akaniuliza, kwa hicho Kiingereza chake, kama nimewahi kukuuliza wewe mwenyewe unataka kuja. Nikamwambia ale chakula kabla hakijapoa.

Basi tuje kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa saba ulipopata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya mimea kule Cape Town, na udhamini juu yake, ni mimi niliyepiga simu nikakuvunja moyo. Nilikuuliza kama utakula majani. Nikasema njoo Kanada, kazi ya kutunza wazee ipo tele, nitakutafutia mwajiri. Baba yako akaniunga mkono kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, na eti aliye ng'ambo anaona mbali. Wewe ukasema, "Sawa, shangazi." Na chuo kinataka jibu lako kabla mwezi huu haujaisha.

Nakuandikia kuyafuta maneno yale. Lakini ukisikia tu nimegeuka utadhani nimerogwa, kwa hiyo nivumilie nikueleze.

Tangu mwezi wa tano kampuni inanipeleka Parkdale kumtunza mama mmoja aliyevunjika nyonga. Anaitwa Profesa Otilia Magwaza, Mwafrika Kusini, ana miaka themanini na minne. Bintiye hushinda kazini, kwa hiyo mchana ni mimi na yeye: namwogesha, nampikia, namtembeza taratibu ukumbini. Na ubishi alio nao, Mungu wangu! Zamani aliwahi kuishi Morogoro akiwa mkimbizi wa siasa, basi anaongea Kiswahili cha Watanzania na ananisahihisha changu. Mimi, niliyefundisha darasa la sita Kapsabet miaka tisa! Siku ya kwanza nilirudi nyumbani nimevimba.

Chumbani kwake palikuwa na rundo la magazeti ya zamani, limewekewa ubao juu, na juu ya ubao kamusi mbili nene. Unanijua mimi na vurugu. Miezi mitatu nililizunguka rundo lile kwa ufagio huku roho ikiniuma. Jumanne moja mwisho wa Agosti, yeye akiwa amelala baada ya chakula, nikaona leo namfanyia wema. Nikapanga kamusi kwenye rafu, nikafuta ubao, nikabeba magazeti yote kwa mikono miwili mpaka pipa la karatasi kule chini. Njiani yakadondoka majani makavu mawili matatu. Nikayafagia.

Kesho yake naingia tu, namkuta amekaa kitandani anautazama ule ubao. Akaniuliza magazeti yako wapi. Nikamwambia kwa majivuno kabisa, nimekutupia, mama. Alifumba macho. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ndani ya kila gazeti kulikuwa na mmea anaoukausha, na kwamba ndivyo wanavyofanya wote wa kazi yao dunia nzima, hutumia magazeti kwa sababu yananyonya maji vizuri. Wewe ungejua, umesomea. Mimi nilijulia wapi?

Nilishuka ngazi sijui hata nilivyoshuka, maana lori la taka huja Jumatano. Msimamizi wa jengo ni Mzee Nizar, Mwismaili mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha sokoni kabisa. Nilipomwomba afungue chumba cha mapipa na kuniona naingiza kichwa ndani ya pipa, akasema, "Heh! Mwalimu, leo umekuwa chokoraa?" Nikamwambia anyamaze anisaidie. Akakunja mikono ya shati lake safi, tukalipindua pipa sakafuni, tukawa tunafungua gazeti moja moja tumepiga magoti kama tunaosali. Kila tukipata mmea alipiga kelele ya furaha utadhani goli limeingia. Lori lilipofika alitoka nje akabishana na dereva mpaka tukamaliza. Tulipata mimea arobaini na moja. Mmoja ulikuwa umesagika kabisa.

Nilipopanda juu nilikuwa tayari kufutwa kazi. Nikamwekea magazeti mapajani, nikaanza kuomba radhi, machozi haya hapa. Yeye akayahesabu, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nyonga. Akasema, "Wewe umeyatupa tu. Mimi niliyawashia jiko."

Ndipo akanihadithia, Cherono, na chai ikapoa tukiitazama.

Alizaliwa Natal, kwa bibi mganga wa mitishamba aliyemfundisha majani tangu hajui kusoma. Alipofika miaka kumi na minane, sheria za ubaguzi zilikuwa zimemfungia vyuo alivyovitaka, akapata kazi ya kufagia na kupika chai kwenye jumba la kuhifadhi mimea iliyokaushwa. Wiki ya kwanza, asubuhi ya baridi, akawasha jiko la chai kwa magazeti aliyoyakuta mezani. Ilikuwa mimea ya msimu mzima. Bosi alifoka mpaka sauti ikamkauka, halafu akamwambia apande milimani airudishe yote. Alidhani anamwadhibu. Siku ya nane Otilia akashuka na kila mmea uliokuwa kwenye daftari, pamoja na mingine kumi na mmoja ambayo yule bwana hakuwahi kuiona maishani.

Tangu siku hiyo akawa anatumwa yeye. Lakini kila mmea una lebo yake, na lebo ina mstari wa mkusanyaji, na kwenye mstari ule liliandikwa jina la bosi. Miaka sita. Otilia ndiye aliyeishona mimea kwenye karatasi kwa sindano na uzi, na kwa uchungu akaanza kumalizia kila mshono kwa fundo la bibi yake, lile alilofungia mafungu ya dawa. Hakumwambia mtu.

Kisha akatoroka nchi. Akapita Botswana na Zambia, akafundisha Morogoro, akapata nafasi ya kusoma hapa Toronto mpaka udaktari, akawa jina linalotajwa. Ukutani ana picha ya wenzake wa uhamishoni, wasomi watupu. Mmoja mwanahisabati aliyefundishia ndani ya kanisa alipofungiwa chuo, mwingine daktari aliyechunguza mapafu ya wachimba migodi wakati wenye migodi hawataki kusikia. Mwaka 1993 alirudi kwao, akaingia jumba lile lile kwa mlango wa mbele, safari hii yeye ndiye mkuu wake. Unajua alianza na nini? Alifungua makabati, akageuza karatasi moja baada ya nyingine, akitafuta fundo. Ilimchukua miaka miwili. Alipata mia tatu na kitu, na kila moja ikaandikwa upya kwa jina lake. Katikati ya hayo alikuwa akifundisha, na waliopita mikononi mwake leo ndio maprofesa wa huko unakoitwa. Alipostaafu ndipo akarudi huku kukaa na bintiye.

Nikamwambia, tena kwa kujisifu, kwamba hata mimi nina mpwa aliyepata nafasi Cape Town kusomea mimea, ila anakuja huku kutunza wazee. Akauliza, kwa nini? Nikabeba vikombe nikaenda kupasha chai.

Jibu ninalo sasa, na ni la aibu. Nilipofika hapa na cheti changu cha ualimu niliambiwa hakina kazi, na tangu hapo nikaichukia karatasi yoyote yenye muhuri wa chuo. Hiyo ni moja. Ya pili ndiyo kubwa: nina upweke. Miaka kumi na moja sina mtu wa damu yangu wa kukaa naye jikoni tukawasema watu wa kwetu kwa lugha ya nyumbani. Nilikutaka wewe. Nikauvalisha upweke wangu nguo ya ushauri, nikakupigia simu. Nisamehe, mwanangu.

Basi profesa naye alinipa adhabu yangu. Ule mmea uliosagika ulikuwa umeokotwa Rexdale, wakati bado anaweza kutembea, kwa hiyo akanituma nikamletee mwingine. Nilishuka basi kituo kimoja kabla ya kwangu, mimi mama mzima na sare ya kazi, nikachuchumaa kando ya barabara ya Kipling kuchimbua ua la buluu lililojiotea kwenye kokoto, ambalo nimelipita kila siku bila kuliona. Mizizi yake ilinigomea. Bibi mmoja wa Kisomali akasimama, akanishikia mkoba, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni ya kosa langu.

Profesa alililaza ndani ya gazeti akanionyesha namna ya kunyoosha kila jani, lingine juu, lingine chini. Kisha akaandika lebo, nakala mbili kama desturi yao. Sasa toa kile kitu kwenye bahasha.

Umeona? Mahali: kando ya Kipling, Rexdale, kwenye kokoto. Tarehe ipo. Mkusanyaji: E. Jepchirchir. Ni mimi huyo! Nilipoona ameandika jina langu nilimwambia hapana, weka lako, mimi nimechimba tu. Akanitazama kwa jicho kali akasema neno hilo aliambiwa yeye miaka sita na hataki kulisikia nyumbani kwake.

Sasa angalia chini. Pana mstari wa jina la mmea na mstari wa aliyeutambua, na yote miwili mitupu. Yeye analijua jina, hata usingizini analijua. Nilimbembeleza, akakataa kuniambia. Alisema hiyo mistari ina mtu wake, amalize kwanza shule. Ua lenyewe haliruhusiwi kuvuka mipaka ndani ya bahasha, liko Parkdale kwenye gazeti lake, na mimi ndiye mlinzi wake. Asiyejua atakayeligusa atanijua.

Kwa hiyo waandikie Cape Town leo, kabla hujaosha vyombo. Baba yako nitampigia mimi kesho, na kufoka kwangu kote nitammalizia yeye. Ukishahitimu utakuja huku na viatu vyako vizuri, uliangalie ua hilo, uandike jina lake na lako. Mimi nitakugandishia maziwa ya mursik nikiweza kupata kibuyu.

Nisalimie baba yako mbishi, mama yako, Bibi Tabutany wa jirani na watoto wote wa Mwalimu Kimaiyo. Mungu aliyemtangulia Otilia milimani akutangulie na wewe, akupe walimu wema na macho ya kuona yaliyo kando ya njia.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Esther Jepchirchir

Tena: Jelagat ameisoma barua yote begani kwangu, na amening'ang'ania kalamu. Maandishi yafuatayo ni yake, sijamsahihisha.

Cherono enda tu Cape Town. Mama atakuwa sawa. Mimi nitakaa na yeye jikoni, na nitaongea.