Mkwe Mlangoni

Jumatano, 3 Septemba 2025

Majina yametoka. Nimechaguliwa vyuo viwili! Vyote vya serikali, na vyote vinanipa ufadhili kamili kwa sababu ya ufaulu — ada, malazi, chakula, mpaka hela ya vitabu. Hapa Dodoma ni ualimu wa hisabati. Morogoro ni udaktari wa mifugo. Nilipiga kelele mpaka Baba akatupa randa akatoka karakana mbio, akidhani Bibi amefariki.

Maskini Baba. Alipoelewa alicheka, kisha akakaa juu ya mbao zake akalia. Anasema mama yangu angekuwepo angecheza mpaka barabarani.

Bibi nimemwambia kwa Kisandawe. Akanishika shavu kwa ule mkono unaofanya kazi. Akauliza Morogoro ni wapi. Nikasema hapo tu, karibu. Muongo mimi.

Ijumaa, 5 Septemba

Witness kapiga simu kutoka kwao Kongwa. Naye Morogoro! Anasema tutachukua chumba kimoja. Anauliza nasubiri nini, wakati udaktari wa mifugo nimeuimba tangu kidato cha kwanza mpaka darasa zima likaniita Dokta Ng'ombe. Nasubiri nini! Kwao wapo watu wa kumgeuza mgonjwa kitandani.

Sikumwambia. Humu naandika, maana hakuna anayesoma. Tangu kiharusi cha Machi, Kiswahili kimemtoka Bibi. Kimebaki Kisandawe cha kwao Kwa Mtoro. Hapa mtaani kwetu Miyuji anayekijua ni mimi, kwa sababu alinilea yeye mpaka nikamaliza la saba. Mama, mtoto wake pekee, tumeshamzika. Na Baba ni Mgogo, tena ni mkwe. Haingii chumba cha mama mkwe wake. Humsalimia akiwa koridoni, uso kaupa ukuta, na Bibi ndani anajifunika kanga. Dawa ananunua, pempasi ananunua, mapapai ananunua, vyote anaviacha mlangoni. Kuvuka pale, hapana. Nikimwambia siku hizi watu hawajali ananitazama kama nimemtukana mama yake.

Nikisoma hapa nitalala nyumbani. Nikienda Morogoro, Bibi ana nani?

Jumatatu, 8 Septemba

Baba kamleta Mwanaidi, mjane wa nyumba ya pili, awe anakuja kumhudumia Bibi. Mama mpole, ana mikono safi. Nilifurahi mno! Nikaanza hata kupanga nguo kichwani.

Bibi akafunga mdomo. Uji ukamshukia shingoni. Mwanaidi akawa anamwongelesha kwa sauti ya juu, kama vile Bibi ni kiziwi. Bibi ananitazama mimi tu. Mgeni alipoondoka nikamuuliza, Bibi, kwa nini? Akasema: huyo nitamwomba maji kwa lugha gani?

Kumrudisha Kwa Mtoro haiwezekani. Nyumba imeanguka upande, na mazoezi ya mguu anafanyiwa hospitali ya huku. Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia. Si kwa huruma — kwa hasira. Hasira na Bibi yangu, Mungu anisamehe.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada Baba kasimama koridoni akasema nimuulize Mama, ndivyo anavyomwita Bibi, anataka nini kuhusu chuo. Nikamuuliza. Bibi kajibu: aende. Nikatafsiri: anasema niende. Baba akasema, basi, umesikia.

Ila Bibi wakati anasema niende alikuwa ameshika pindo la gauni langu, na hakuliachia. Hilo sikulitafsiri. Ningelisemaje?

Alhamisi, 18 Septemba

Upepo na vumbi kutwa. Namba ya kuthibitisha imeingia kwenye simu. Mwisho Jumapili. Witness ameshakonfemu, ametuma na picha ya godoro alilonunua. Sijamjibu. Namchukia kidogo.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeamua. Hapahapa. Hisabati si adhabu, nitafundisha, nitazoea. Nimemwambia Baba wakati wa chakula cha mchana. Aliacha ugali wake, akaenda karakana, na randa haikusikika kabisa. Alikuwa amekaa tu humo.

Wamenifanya nini hawa wazee? Hakuna aliyenizuia. Wangenizuia ningegombana nao, nikaondoka zangu!

Jumapili, 21 Septemba

Leo Baba hakwenda kanisani. Alisema kichwa kinamuuma. Nikaenda peke yangu, narudi nikapitia dukani kununua bando nithibitishe hicho chuo cha hapa yaishe.

Nafika, mlango wa Bibi uko wazi. Baba yumo ndani. Ndani!

Amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, bakuli la uji mapajani, uso kaugeuzia dirishani. Mkono wenye kijiko unatafuta mdomo kwa kubahatisha. Bibi amefumba macho, machozi yanashuka. Lakini mdomo kaufungua. Anameza. Uji unadondoka shukani. Watu wazima wawili wanajiaibisha hivi kwa ajili yangu. Nilitaka kukimbia.

Bibi akasikia hatua zangu. Akasema, taratibu, kwa Kisandawe: mwambie mkwe wangu asirudie tena. Aniache na njaa. Heshima ndiyo niliyobaki nayo, asiniondolee.

Baba, bila kugeuka: "Anasemaje?"

"Anasema asante, Baba."

Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu. Baba akashusha pumzi, na nikaona shavu lake likipanda kwa tabasamu, uso ungali dirishani. Akasema, "Si unaona? Tutazoeana. Maneno ya maji na njaa utanifundisha. Nenda mwanangu, kathibitishe Morogoro."

Sasa niko barazani. Morogoro nimeshaichagua kwenye simu, kimebaki kitufe cha mwisho. Najiambia nilisema vile kumstahi Baba, baada ya alichofanya. Najiambia. Lakini moyo ulivyoruka aliposema Morogoro niliusikia mwenyewe.

Kiswahili kimemtoka Bibi, ni kweli. Ila neno asante nadhani bado analijua. Nilipolitamka alifumbua macho, akanitazama muda mrefu, kisha akayafumba.

Baba ananiita. Anasema uji umebaki nusu bakuli na Mama amefunga mdomo, hebu nije nimuulize ana nini.