Shingo ya Armelle

Jumatatu, 4 Machi 2024
Mwanza. Uvimbe wa shingoni umenywea! Vidonge vinafanya kazi. Daktari Regina anataka kuumalizia kwa mionzi. Ila vidonge visimame kwanza — vinaikaba saratani, lakini ngozi ikipigwa mionzi vinaizuia kujitibu. Mke wangu Armelle kakataa. Dawa nyingine zote zimeshindwa, hii ndiyo ya kwanza kumsaidia, haiachi! Daktari kamwonya tena. Mwisho wakakubaliana: vidonge viendelee, dozi ya mionzi ishuke.

Jumanne, 12 Machi
Shingo imeiva. Inang'aa. Hata kanga nyepesi haivumilii.

Jumapili, 17 Machi
Ngozi imebanduka. Nyama tupu. Mionzi imesitishwa, na vidonge pia, mpaka kidonda kikauke. Kidonda hakikumliza. Alilia alipoambiwa asimeze.

Ijumaa, 22 Machi
Tumefika nyumbani, Bangwe. Basi, mashimo, na yeye kashikilia kichwa njia nzima.
Lyse alitoka mbio, akamrukia mama yake shingoni. Armelle akapiga yowe, akamsukuma. Mtoto chini! Baadaye Lyse akaniuliza kama mama alimwacha na bibi kwa sababu hamtaki tena. Ana miaka minne. Nimjibu nini?
Mama mkwe, huyo bibi aliyekaa naye, alikwenda kwake Ujiji akarudi na chupa ya mawese, ampake. Nikamzuia — ni ile krimu ya hospitali tu. Hakubisha. Alikaa mkekani, akamshika mwanawe miguu, mahali pasipouma. "Mpore, mwanangu, pole. Mpore." Nikatoka nje. Sikuweza kutazama.

Jumamosi, 30 Machi
Kidonda kinakauka pembeni. Leo kanywa uji wote.

Jumanne, 2 Aprili
Asubuhi alichukua kidole changu, akakiweka chini ya sikio. Kuna kitu. Kigumu, kama punje ya harage.
Nimempigia daktari. Kasema tusubiri, ngozi bado mbichi, akimeza sasa huenda kidonda kikafumuka upya. Na tukisubiri? Hakunificha — uvimbe nao hautasubiri.
Nikamweleza Armelle yote.
"Baba Lyse, ngozi inaponea kaburini?"
Vidonge viko kabatini, ufunguo ninao mimi. Namsikia chumbani akijimiminia maji kwenye glasi. Ananiita nimpe ufunguo — taratibu, bila hasira, kama anayeomba chumvi —