Kinu Kitupu Nje ya Ua wa Gambusi

Bagamoyo, nyuma ya forodha

Kwa mpwa wangu mpenzi Mwanaisha, uliyeko Pangani. Nakuletea salamu nyingi kama mchele wa arusi, ule ambao hakuna anayejua umepikwa kiasi gani, watu wanakula tu. Ama baada ya salamu, hujambo? Mama yako, dada yangu, hajambo? Kifua kimempa nafasi? Na bibi yako, mama yangu mzazi, bado anatoka asubuhi kuota jua, au siku hizi ni ndani tu? Mpe shikamoo yangu kabla hujasoma neno jingine. Akisema marahaba, endelea. Akiuliza "Omari yupi?", mwambie yule wa mwisho, mwenye kelele, kisha endelea.

Mimi sijambo sana. Kazi yangu ni ileile ya kufunga mitumba ya nguo inayobebwa na wapagazi kwenda bara, na bila kujisifu, mkono kama wangu haupo pwani yote hii. Juzijuzi mtumba wangu mmoja ulianguka Mto Kingani, kiboko akaumeza. Akazunguka nao tumboni mpaka ukamchosha, akaja kuutapika mwenyewe ng'ambo ya pili, na walipoufungua nguo zilikuwa kavu, bado zina harufu ya duka la Mhindi. Wanaosema si kweli ni watu ambao hawakuwepo. Hata mimi sikuwepo, lakini niliufunga mimi, kwa hiyo najua.

Sasa lile mliloniagiza. Uliniandikia kwamba bibi yako amesahau mengi, hata majina yetu yanamponyoka, ila wimbo mmoja haujamtoka: ule ambao marehemu baba, babu yako, alimtungia kwa nyuzi za gambusi lake alipokuwa akimposa. Kila siku anaimba ubeti wa kwanza:

Nimejenga kwa udongo, ukuta si wa chokaa,
Nimekuja bila hongo, mwenzangu je, utakaa?

Kisha anakutazama, anauliza, "Nilimjibu nini?" Maana ubeti wa pili ndio jibu lake yeye. Alilitoa kwa kinywa chake akiwa mwari, na baba akalitia kwenye wimbo vilevile. Leo limempotea, na Pangani nzima hakuna anayelijua. Mimi nililisikia utotoni, lakini mtoto gani hutega sikio kwa mapenzi ya wazazi wake? Aliyebaki nalo ni mtu mmoja, Fundi Sudi, aliyejifunza gambusi kwa baba, akala wali wa nyumbani kwetu miaka na miaka, na sasa ni mpigaji anayeitwa mpaka Unguja na Lamu. Ukaandika, "Mjomba, tumesikia Fundi Sudi anakuja huko. Mchukulie bibi ubeti wa pili. Asilale usiku mwingine akijiuliza." Nami nikakujibu kwamba hilo ni jambo dogo, Sudi akiniona tu atainuka mkekani anikumbatie.

Mwanaisha, kuanzia hapa soma kimoyomoyo. Bibi asisikie.

Zamani Fundi akija mji huu alikuwa akiketi kwenye baraza yoyote yenye kivuli, na mtaa mzima ukija. Mwenye kitu anamtunza, asiye na kitu anaitikia kibwagizo, na hayo nayo ni malipo. Safari hii tajiri mmoja wa pembe za ndovu, jina lake nisilitie wino, alimpokea tangu anashuka mashuani, akampeleka kiwanjani kwake, akazungusha ua wa makuti, mrefu kupita mtu aliyepanda mabega ya mtu. Fundi apige siku tatu, baada ya sala ya alasiri mpaka jua linapokaribia kuzama. Mlangoni akamweka bawabu, anaitwa Feruzi, na kikapu cha vitambaa vyekundu. Ukilipa unafungwa kitambaa mkononi, unapita. Huna kitambaa, wewe ni mbuzi anayezurura.

Siku ya kwanza nilivaa kanzu yangu ya Idi, nikaenda.

"Nani wewe?" Feruzi akauliza.

Sasa mtu akiulizwa hivyo mbele za watu ajibu nini? Nikasema, "Mimi ni Omari bin Haji wa Pangani, mwana wa fundi aliyemfunza huyo fundi wenu. Na hakuna msafara unaotoka mji huu bila mkono wangu."

Akanitazama toka kofia mpaka makubadhi. "Karibu sana, bwana mkubwa. Watu wadogo hapa wanatoa robo reale. Mtu wa daraja lako, reale nzima."

Nyuma yangu alikuwepo Bi Tausi, mama mmoja muuza kashata, mdomo wake haufungwi hata kwa kamba yangu. Akasema, "Kaka, mwambie basi wewe ni mfunga mitumba tu! Jishushe upite!"

Ningejishushaje? Nilikwisha sema, na watu wamesikia. Nikajipapasa kiunoni, nikasema fedha nimezisahau nyumbani, nikatoka mstarini na kanzu yangu. Si neno, nikajiambia, sikio halifungiwi mlango, nitasikiliza nje.

Na nje tulikuwa wengi kuliko ndani. Walikuwepo wavuvi wa Mlingotini, walikuwepo wanawake wenye watoto mgongoni, na mzee mmoja aliyetembea kutoka Mkange, fimbo mkononi, kwa ajili ya sauti ya Sudi tu. Tukakaa chini tukaegemea makuti. Lakini tajiri alikuwa amewaza kabla yetu. Gambusi lilipoanza tu, wakatokea vijana wanne na vinu, wakavipanga kuzunguka ua, wakaanza kutwanga. Na ndani ya vinu hamna kitu, Mwanaisha. Vitupu! Gu, gu, gu, mpaka meno yanacheza.

Mzee wa Mkange akauliza, "Wanangu, mnatwanga nini humo?"

"Masikio ya wasiolipa," kijana mmoja akamjibu.

Watu wakachafuka. Mmoja akasema, "Na mvua nayo ataizungushia makuti?" Mwingine akasema, "Angeweza kuizuia angekwisha iuza." Bi Tausi akapiga kofi paja lake, "Huyu Sudi tumemlea kwa kashata zetu, leo tunamsikia kama mtu aliyetumbukia kisimani!" Tulisema sana. Lakini kusema hakubomoi ua, na wapagazi walioshuka kutoka bara na ujira wao walikuwa wakilipa lolote waliloambiwa. Sasa nani angemsikiliza mtu kama mimi?

Siku ya pili niliuza kilemba changu cha hariri, kile nilichosema nitazikwa nacho, nikaja na reale yangu mkononi mapema. Kikapu cha Feruzi kitupu. Dalali mmoja alikuwa amevichukua vitambaa vyote tangu asubuhi, kasimama karibu na kisima, vimemjaa mkononi kama bangili za bibi arusi. Bei yake, reale mbili.

"Bwana, jana ilikuwa reale moja," nikamwambia.

"Jana Fundi alikuwa hajakohoa," akasema. "Leo asubuhi amekohoa. Nani ajuaye kesho ataimba?"

Basi watu waliposikia habari ya kikohozi wakamvamia, wakanunua wanagombana. Mimi na reale yangu moja tukarudi kwenye makuti, tukasikiliza vinu.

Siku ya tatu, ya mwisho, nilimfuata Feruzi nikamsihi kwa jina la mama yake. Akasema, "Kijana wangu mmoja kaumia mkono. Shika mchi wake, twanga mpaka zibaki nyimbo mbili, nami nitakuingiza bure."

Nikakubali. Usishangae, mpwa wangu, nilikuwa na hesabu yangu. Nyimbo kubwa huwekwa mwisho, na wimbo wa baba yangu ndio mkubwa kuliko zote. Sudi hawezi kuutupa mwanzoni kama maji ya kunawa. Kwa hiyo nitatwanga nyimbo za watu, na wa baba nitaukuta ndani. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na hata sasa naona ilikuwa fikra ya mtu mwenye akili.

Nikatwanga. Na mimi nikishika kitu, kitu hicho kinatakata. Baada ya nyimbo mbili mkono ukapata mwendo wake wenyewe, sijui umetoka wapi: mbili za haraka, kisha mchi unatulia, unashuka taratibu. Mbili za haraka, mchi unatulia. Watu waliokaa nje wakaanza kupiga makofi. Mzee wa Mkange akainuka na fimbo yake, akayumba kidogo. Bi Tausi akapiga kigelegele, "Leo tumepata ngoma yetu bila kitambaa!"

Feruzi akatoka mbio. "Omari! Nimekuweka umzibe Fundi au umsaidie? Twanga ovyo!"

"Mkono ndio unavyotaka," nikamwambia.

"Mkono wako unataka kuingia au hautaki?"

Nikatwanga ovyo. Nikatwanga kama mtu aliyepagawa, huku na huku, mpaka mzee wa Mkange akaketi tena. Bi Tausi hakunitukana. Aliniangalia tu, akasema, "Na wewe, kaka?" Afadhali angenitukana.

Zilipobaki mbili, Feruzi akatimiza ahadi, akaniingiza. Nikakaa nyuma kabisa, nyayo zangu juu ya mkeka wa mpagazi mmoja. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kusifu bahari. Wa pili, wa mwisho kabisa, ulikuwa wa kumsifu tajiri mwenye ua, kwa jina, kwa ukoo, mpaka kwa punda wake. Kisha Sudi akalitia gambusi kwenye mfuko, watu wakainuka.

Nikamshika mpagazi mkono. "Ndugu yangu, ule wa udongo na chokaa haukuimbwa?"

"Ule wa mtu anayeuliza utakaa? Ah, ulikuwa wa tatu! Mtamu. Tena huko nje walianza kuutwangia vizuri, kisha mtwangaji mmoja mpumbavu akauharibu."

Mwanaisha, nilikaa chini.

Nikamwuliza mpagazi, yule mwanamke wa wimbo alijibu nini. Akatikisa kichwa. "Mimi mtu wa bara, bwana. Kiswahili chenu cha nyimbo kinanipita. Nimeshika sauti tu." Akaniimbia sauti, la, la, la, na mkono wangu ukaanza kupiga gotini, mbili za haraka, kisha unatulia.

Nikatoka mbio kumngoja Sudi mlangoni. Akatokea amezungukwa na watu wa tajiri. Kila mtu anapiga kelele, "Sudi, mimi ndugu yako!" "Sudi, mimi jirani ya shangazi yako!" Nami nikapiga kelele kuliko wote, "Sudi! Mimi Omari, mwana wa Haji wa Pangani! Mama anauliza alijibu nini!" Akainua mkono kama mtu anayewasalimu wote kwa pamoja, akapita. Asubuhi yake akavuka kwenda Unguja, na kutoka huko sijui wapi. Maisha yangu yote nimesema mengi katika mji huu na watu wamenisikiliza. Siku hiyo nilisema kweli tupu, hakuna aliyegeuka.

Tangu hapo nimeketi na kalamu jioni baada ya jioni nikijaribu kuutunga mwenyewe ubeti wa pili. Nani angejua? Bibi yako angefurahi, angelala. Mtu aliyemfanya kiboko atapike nguo kavu anashindwaje na mistari miwili? Lakini nikifika kwenye neno la mwanamke, kalamu inakauka. Kumdanganya mama yangu kuhusu kiboko naweza, na yeye hucheka. Kumwambia kinywa chake kilisema nini kwa baba yangu, siwezi. Na kuja mwenyewe siwezi, misafara imejaa na mwenye kazi hatoi ruhusa.

Anayeleta barua hii ni yule mzee wa Mkange. Ataifikisha kwao, na wenye punda wa chumvi wataileta mpaka kwenu. Atakayeifikisha mpeni maji na chakula, msimwulize bei.

Nisalimie mama yako, mwambie asilale upepo wa madirishani. Nisalimie baba yako, shemeji yangu mpole, na mwalimu wa chuo aliyenipiga mpaka nikaijua Juzuu Amma, mwambie hiyo ndiyo niliyobaki nayo. Nisalimie mke wa jirani, yule mshona kofia, na kaka yako mkubwa akirudi safari.

Na bibi yako umfanyie hili. Toa kinu uani, kiwe kitupu, umketishe karibu. Twanga mbili za haraka, kisha uache mchi utulie, ushuke taratibu. Usiseme kitu, twanga tu. Labda jibu litamjia mwenyewe. Likimjia, niandikie siku hiyohiyo. Lisipomjia akakuuliza tena alijibu nini, mwambie maneno Omari hakuyapata, lakini nyumba ya udongo ni hii mnayoketi ndani yake, watoto saba walizaliwa humo na baba akazikwa akitokea humo. Mwambie alikaa.

Mjomba wako asiye na kilemba,
Omari bin Haji